Shati la Mlinzi

Gede,
Jumatatu, 11 Agosti 2025.

Kwa kaka yangu Ngala,

Shikamoo. Sijui kama utaitika marahaba au utaikunja karatasi hii kabla hujafika mstari wa tatu, lakini mimi nimeshakuamkia, na kuitika ni juu yako.

U hali gani? Bi Hafswa ameniambia umenenepa kidogo, umefuga ndevu, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua wakati wa baridi umepona. Nilimwuliza maswali mengi mpaka akaniambia mimi si ndugu wa mtu, mimi ni askari kanzu. Huku sote tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama hajambo, ila magoti yanamlalamikia kila akiinuka. Mimi bado nafundisha sayansi kule Nakuru, na baridi yake mpaka leo sijaizoea. Baba yupo. Habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu, nami nitazifikia polepole, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza, tafadhali usimlaumu Bi Hafswa. Najua ulimwapisha asimpe mtu wa kwetu namba yako ya simu, naye hajanipa, ingawa nilimbembeleza vya kutosha. Alichokubali ni kubeba barua hii na kifurushi kilichofungwa pamoja nayo, kwa sababu, alivyosema, kiapo kilikuwa cha namba, barua hazikutajwa. Kesho lori lake linakwenda Mpeketoni kuchukua simsim. Kifurushi usikifungue kabla hujamaliza kusoma. Najua hukujaliwa subira, lakini jaribu mara moja hii.

Mwezi wa Juni Mama alinipigia simu saa za mapumziko, nikiwa na chaki mkononi. Alinieleza habari za mvua, za mbuzi, za harusi ya jirani, na nilipodhani anataka kuaga akasema Baba ametangaza kwamba mwaka huu, Siku ya Walinzi, ukiulizwa wewe atajibu kuwa hayupo tena, na mlinzi wako achomwe. Nilimwambia nitakuja. Sikuwa nimekuja kwa sherehe ile tangu mwaka ulioondoka, na sababu yangu ya kutokuja utaijua kabla sijamaliza.

Labda miaka tisa imekusahaulisha mambo yetu. Na hata kama hujasahau, niache niyaandike, maana nimewasimulia walimu wenzangu Nakuru hawaniamini. Nimewaambia kwetu mtoto akitoka kwenda mbali huacha nguo moja aliyoivaa, haijafuliwa, na msimu wa mahindi ile sanamu ya kutishia nyani huvishwa nguo hiyo, ndiye tunayemwita mlinzi. Nimewaambia nyani wetu wa msituni hawaogopi matambara, wanaogopa jasho la mtu, kwa hiyo nguo ya mlinzi haifuliwi kamwe hata ikikauka kama ubao. Mavuno yakiisha, kila nyumba hung'oa mlinzi wake ikampeleka uwanja wa shule, wakapangwa mstari, wakapewa uji wa mahindi mapya, na kila mmoja akaulizwa mbele za watu mwenye nguo yuko wapi. Aliyerudi nyumbani humvua mlinzi akaivaa nguo yake hapo hapo. Aliye mbali husemewa yuko safarini, mlinzi akatiwa gunzi mfukoni na kurudishwa shambani. Aliyekufa husemewa hayupo tena, akalazwa juu ya mabua, akachomwa. Mwalimu mmoja aliniuliza kama nilikunywa kitu kabla ya kusimulia.

Basi unaelewa Baba alikuwa anakusudia nini. Alikuwa anataka kusimama mbele ya kijiji kizima na kukuzika.

Nilifika Jumatano saa nane mchana. Hata viatu sikuvua, nikapitia shambani, maana nilitaka kumwona mlinzi wako akiwa bado amesimama. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua yamelazwa, na yeye amebaki peke yake katikati, mikono ameitandaza. Kaka, nilishangaa. Shati lako uliloliacha na jasho lake kwenye kamba siku uliyoondoka nalikumbuka vizuri, lilikuwa la kijani, la ile timu ya Muyeye uliyoichezea, lina namba sita mgongoni. Huyu alikuwa amevaa shati la mistari ya buluu na nyeupe, lenye kola, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Halikuwa jipya, lakini la miaka tisa pia halikuwa. Nikamzunguka. Nikampekua mfukoni nikapata maganda ya njugu. Mwisho nilifanya jambo ambalo mtu angeniona ningekufa kwa haya: nilisogeza pua kwapani mwake nikanusa. Lilikuwa jasho la mtu, tena la mwaka huu.

Unanijua nilivyo. Nilipokuwa mdogo nilipasua mbegu zote za Mama za maboga nikitafuta mmea umelala wapi, na wewe ndiye uliyenificha kwenye banda la mbuzi. Sasa shati lile liliniingia kichwani likakataa kutoka. Kama wewe hujatia mguu nyumbani, nani analitolea jasho? Nikawaza labda unakuja kwa siri wakati wa kupanda. Nikawaza labda Mama anakutana nawe Malindi akijidai amekwenda kununua papa. Nilifurahi, kisha nikakasirika kwamba mimi sikuambiwa, kisha nikafurahi tena.

Mama nilimkuta jikoni anaponda kimanga cha muhogo. Nilipomwuliza shati la mlinzi limetoka wapi, alinijibu niwaulize nyani, wao ndio walio karibu naye. Nilipomsukuma kidogo akaniambia nikae, nile, niache kumchosha na safari yangu haijaniondoka miguuni. Lakini nadhani swali langu lilimfungua mahali, maana tulipokuwa tukila alianza kunieleza mwenyewe habari za siku uliyoondoka. Kumbuka mimi sikuwapo. Ilikuwa likizo, nilikuwa kidato cha tatu, na Jumamosi ile nilimsindikiza rafiki yangu Raiya kwao Barani, kule Malindi, baada ya kukaa kwetu siku nne. Niliporudi jioni ulikuwa umeshakwenda, na Baba alipiga marufuku jina lako nyumbani, kwa hiyo sikupata kujua mlirushiana maneno gani.

Mama alisema nyani waliingia mchana, wengi, na wewe uko juu ya dungu, kichanja cha kulindia shamba, unaamia. Walikula nusu ya shamba. Baba alipofika mbio na majirani, ulimweleza kwamba ulipiga kelele mpaka sauti ikakauka, ukarusha mawe yote uliyokuwa nayo, na hawakujali, hata dume mmoja akapanda akakaa juu ya bega la mlinzi akawa anatafuna hindi. Baba alisema hakuna nyani aliyewahi kumkaribia mlinzi tangu babu yetu, kwa hiyo ulikuwa umelala. Mlinzi wa mwaka ule alikuwa wangu, amevaa blauzi yangu ya shule, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa bweni. Baba akakwambia mbele za watu kwamba blauzi iliyo juu ya kijiti ina akili kukushinda. Na wewe, Mama alisema, ulimjibu neno moja tu: aende akamnuse mlinzi.

Baba hakuwahi kusahau jibu lile. Mzazi kuambiwa mbele ya majirani aende kunusa sanamu, aliona umemvua nguo. Ndipo akakufukuza.

Mama aliponieleza maneno hayo, nilirudisha tonge sahanini. Nilimwambia nimeshiba. Akanitazama, akatazama sahani yangu, akasema Nakuru imenifundisha kula kama ndege.

Siku ya pili nilikwenda stendi ya Gede kwa Idah, anayeuza mitumba ng'ambo ya barabara. Hukumjua, alifungua banda baada yako. Nilikuwa nimempiga mlinzi picha kwa simu, nikamwonyesha shati nikamwuliza kama limepita mikononi mwake. Idah ana macho. Alilitambua mara moja, akasema hawezi kulisahau kwa sababu ya mnunuzi wake. Kila mwaka, mvua za masika zikikaribia, huja mzee mmoja kutafuta shati la mwanamume mwenye mabega mapana. Hajaribu hata moja. Hufungua mikono hewani akasema anataka la mtu wa upana huu, na la mistari likipatikana ni bora, maana mwenyewe anapenda mistari. Mwaka mmoja Idah alimwonya kwamba shati litamwogelea, na mzee akamjibu si lake, ni la mlinzi. Idah akadhani anasema askari wa hoteli kule Watamu, akamwuliza ni hoteli gani. Mzee akasema mlinzi wake hana hoteli, anasimama juani na hajawahi kulala kazini hata siku moja.

Niliuliza mzee huyo anafananaje. Idah akasema ananusa ugoro, na sikio lake la kushoto lina pengo. Kaka, wazee wa Gede wanaonusa ugoro ni wengi, lakini sikio lile nalijua, nimelishika nikiwa mgongoni nikibebwa kwenda zahanati. Nilimshukuru Idah, nikanunua mitandio miwili nisiyoihitaji, nikarudi nyumbani kwa miguu ili nipate muda wa kulia.

Mama alipoona nimeshajua, aliacha ubishi. Alisema shati la kijani lilioza mvua za mwaka wa tatu, likabaki kola. Alifikiri mambo yameishia hapo. Lakini Baba akaja na shati jingine bila kusema kitu, akalivaa yeye mwenyewe wiki mbili nzima, mikono imemfunika vidole. Akachanja kuni juani. Akachimba shimo la choo ambalo hakuna aliyelihitaji, na mwaka uliofuata akachimba la pili. Mama alikuwa akimwona akijinusa kwapa ili ajue kama limekolea. Lilipokolea, akatangulia shambani alfajiri kumvisha mlinzi, akarudi kunywa chai kana kwamba ametoka kutazama mbuzi. Miaka sita, Ngala. Mama hakumtamkia neno hata siku moja, maana alijua akisema tu, Baba ataona haya ataacha.

Nilimwuliza basi kwa nini sasa anataka kumchoma. Mama alisema mwaka huu nyani waliingia tena. Hawakula sana, pembe moja tu upande wa msitu, lakini Baba alikaa shambani siku nzima akitazama nyayo zao. Jioni alisema jasho lake limekuwa la mzee, haliogopwi tena. Akasema pia kwamba mtoto aliye hai, hata awe amekasirika vipi, kwa miaka tisa angetuma japo soksi moja.

Ijumaa yote nilizunguka na maneno mdomoni. Nilimfuata Baba kisimani, akaniuliza kama mvua za Nakuru zinanyesha vizuri, nikamjibu zinanyesha vizuri. Nilimfuata kwenye banda la mbuzi, akaniuliza bei ya unga kule, nikamtajia. Mwalimu mzima, ninayesimama mbele ya watoto hamsini kila siku, nilishindwa na mzee mmoja mwenye kisanduku cha ugoro.

Jumamosi uwanja ulijaa. Ungekuwapo ungecheka mpaka mbavu zikuume. Walinzi walikuwa arubaini na kitu. Wa kwa Abdillahi amevaa kanzu na kofia, na wakwe zake wamemletea halwa badala ya uji, ikazuka fujo ya watu kudai na wao ni walinzi. Kulikuwa na mbio za kubeba mlinzi mgongoni, na mama mmoja alimgombeza mlinzi wa nyumba nyingine kwa dakika nzima, akidhani ni mwanawe amekaa tu wakati wenzake wanapanga viti. Msimamizi ni Easter, yule wa kwaya, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti na bado anakishika. Nahashon amerudi kutoka Doha, akaitwa amvue mlinzi wake, naye amekuwa mnene huko, shati likamkwama kichwani. Wanaume wanne walimvuta. Nilicheka na wengine.

Kisha ikafika zamu ya Mzee Menza. Binti yake alifariki Januari. Alisema hayupo tena, kwa sauti ndogo, na leso ya binti ikalazwa juu ya mabua pamoja na vijiti vyake, moto ukawashwa, uwanja mzima ukasimama. Niliutazama moshi. Nilipogeuka kuangalia mstari, aliyefuata alikuwa ni wewe.

Easter aliuliza mwenye nguo yuko wapi. Baba akainuka. Alikuwa amevaa koti lake la mazishi, sikuwa nimelitambua mpaka wakati ule. Akakohoa, na kabla hajafungua kinywa nikajikuta mimi nimesimama katikati ya uwanja nikisema niliyopaswa kuyasema nikiwa na miaka kumi na saba. Niliyasema mbele ya watu wote, na sasa nakuandikia wewe ambaye ulistahili kuyasikia wa kwanza.

Mimi ndiye niliyemharibu mlinzi, kaka. Raiya alipokuja kututembelea, nilimpitisha shambani, akaona blauzi ya shule yetu juu ya kijiti, imechakaa na jasho limechora ramani mgongoni. Akaniuliza kama ni yangu. Hakuwa na ubaya, aliuliza tu, lakini niliona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze. Mtoto wa Barani, kwao nguo hata ya jikoni inafukizwa, atakwenda kusema nini bwenini? Alhamisi ulipokwenda kula nikamvua mlinzi. Uliporudi nikakudanganya kwamba mkono wa blauzi umechanika, naushona. Niliifua maji matatu. Raiya, kwa wema wake, akatoa udi mkobani, tukaomba chetezo cha Mama tukaifukiza mpaka ikanukia chumba kizima. Ijumaa asubuhi nikamvisha mlinzi, nikamwona amependeza. Jumamosi nyani wakaingia. Hakikuwapo cha kuwatisha, walimkuta bibi harusi.

Nilijua jioni ile ile. Niliporudi na kukuta shamba lilivyo, nilijua. Lakini Baba alikuwa ameshasema mara mbili kwamba bweni linanitia majivuno, na nikileta kosa jingine nitabaki nyumbani kusaga. Nikaogopa. Nikajiambia nitasema ukirudi wiki ijayo. Hukurudi, na kila mwaka uliopita kusema kulizidi kuwa kugumu. Ndiyo sababu nilikuwa siji kwa sherehe. Nilikuwa siwezi kusikia wewe ukiulizwa.

Lakini kuna jambo ambalo sikulijua mpaka Mama aliponieleza lile jibu lako. Ulimwambia Baba aende akamnuse mlinzi. Kumbe ulijua. Ulikuwa umekaa karibu naye siku mbili, ulisikia udi, ukakumbuka nani alimvua. Ungeweza kusema ni Kahaso. Neno moja tu. Badala yake ulimpa Baba njia ya kujua mwenyewe kama anataka, na alipodhani unamtukana ukachukua mfuko wako ukaenda. Mimi nikarudi shule muhula uliofuata. Cheti changu, kazi yangu, chumba changu cha Nakuru, vyote vimesimama juu ya kunyamaza kwako. Naona haya, Ngala. Nisamehe. Sijui neno jingine la kuweka hapo.

Nilipomaliza kusema, kipaza sauti cha Easter kilikuwa kimeshuka kiunoni. Baba aliniuliza swali moja, ulikuwa udi wa vijiti au wa mawaridi. Nikasema wa mawaridi. Watu wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Alirudia maneno yako, akamnuse mlinzi, mara tatu, taratibu, kila mara kama anayasikia upya. Kisha akakaa chini kwenye nyasi na koti lake la mazishi.

Easter alimwendea akamwuliza tena, safari hii bila kipaza sauti, mwenye nguo yuko wapi. Baba akasema yuko safarini. Akainuka mwenyewe, akamwendea mlinzi wako, akaanza kumfungua vifungo kimoja kimoja. Easter akamkumbusha kwamba anayemvua mlinzi ni mwenye nguo peke yake. Baba akamwambia anajua, anampelekea. Vijiti vikabaki vimesimama uchi, na hakuna aliyetia gunzi kwa kuwa hapakuwa na mfuko.

Watu walipotawanyika ndipo Bi Hafswa aliponivuta pembeni. Alikuwa amekuja kama kawaida yake kununua mahindi mapya. Aliniambia anakujua, anakuletea mbao karakana yako Mpeketoni, na kwamba kila Agosti unamwuliza Siku ya Walinzi ilikwendaje, kisha unajifanya unapiga randa huku umetega masikio. Nilimkumbatia mpaka buibui likamteleza.

Jana, baada ya ibada, Baba alimwomba Mama ile blauzi. Sikujua kama bado ipo. Mama alikuwa ameitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda tangu siku ile, katika mfuko uliofungwa fundo. Baba alikaa nayo kwenye kigoda mlangoni, akafungua fundo, akaiweka usoni. Mimi nilikuwa nachambua mchicha, nikajifanya sioni. Alipoishusha macho yalikuwa mekundu, na akasema udi upo, hafifu, lakini upo. Nikamwuliza niandike nini katika barua. Nilidhani atanipa maneno mengi, ya kujitetea au ya kukuonya. Alisema niandike hivi tu: mwambie nimekwenda, nimemnusa.

Sasa waweza kufungua kifurushi. Ni shati la mistari. Alilikunja yeye mwenyewe, hakutaka mkono wangu. Kwapani ni jasho lake la mwezi wa nne, ukinusa utamjua. Shamba halina mlinzi tena, Baba amekataa kumvisha mwingine, na vuli tunapanda kunde Oktoba. Ukiweza kuja, njoo nalo mwilini, uje hata usiku wa manane au katikati ya soko, hakuna atakayekuuliza kitu. Ukiona bado huwezi, sitakulaumu. Livae siku tatu ukiwa kazini, ulirudishe kwa Bi Hafswa, nasi tutajua uko safarini.

Mama anakusalimu, anasema yale maboga mekundu unayoyapenda yamezaa. Easter anakusalimu, na Nahashon pia, shati lake lilitoka hatimaye. Bi Hafswa amekataa kabisa kuniambia kama umeoa, na kukataa kwake kumenitia shaka nzuri. Kama yupo, msalimie sana wifi yangu. Kama kuna mtoto, mwambie ana shangazi anayeuliza maswali mengi, ambaye ana jambo la kumwomba radhi baba yake ana kwa ana.

Na huyo wifi, kama ni mtu wa usafi, mwambie mapema, kabla hajaliona kwenye kiti akalipeleka kwenye beseni. Asilifue.

Ni mimi mdogo wako,
Kahaso Baya.